"Pampu Mara Mbili" Sio Breki

Kuna sentensi moja nimeisikia huku Keumbu mpaka imenichosha: "Hiyo breki iko sawa, pampu tu mara mbili itashika." Wasee, gari ambayo lazima uibembeleze mara mbili ndio isimame haina breki. Ina bahati.

Ya kwetu ni Hilux 4x4 ya 1994. Mchana inapeleka ndizi Daraja Mbili, usiku inageuka ambulansi ya kijiji. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, hakuna anayeuliza kama pedali ni laini. Watu wanagonga geti, Baba anatoka na ufunguo. Sasa piga picha mteremko wa kuingia Kisii mjini, mvua imenyesha, pikapu imejaa, halafu dereva anapampu.

Shida iko kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani polepole, hata kama gari imeegeshwa tu. DOT 3 ikiwa mpya inafaa kustahimili nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, inaweza kushuka hadi 140. Ukiteremka na mzigo huku mguu umelalia breki, joto linafika kwenye mafuta, maji yanageuka mvuke. Mafuta hayabonyezeki, mvuke unabonyezeka. Unakanyaga, pedali inaenda hadi chini, gari nayo inaendelea na safari. Hewa ikiingia kwenye paipu ni hadithi ileile, tofauti ni kwamba hiyo haingoji joto, na ndiyo hufanya watu wapampu.

Nilipomwambia Baba tutoe hewa na tubadilishe mafuta, alinijibu, "Hii gari nimeiendesha kabla hujazaliwa."

"Ni kweli, Baba. Na hayo mafuta nadhani pia ni ya wakati huo."

Mama alicheka kwanza. Hiyo ndiyo ilituokoa.

Kazi ni ya watu wawili, mmoja kwa pedali, mwingine kwa gurudumu. Injini imezimwa. Kila gurudumu lina kaskrubu kenye tundu, mara nyingi spana ya namba 10 inakafungua. Kama kameshika kutu, kapulizie mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia. Kakikatika, umejiletea gharama. Unachomeka mrija unaopitisha mwanga, mwisho wake unazama kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Wa pedali anakanyaga na kushikilia. Wewe unalegeza, mafuta na mapovu yanatoka, unakaza, NDIPO unamwambia aachie. Akiachia mapema, hewa inafyonzwa kurudi ndani.

Baba ndiye alikuwa kwa pedali. Kwetu si kawaida kijana kumwambia mzee "shikilia hapo, usitoe mguu." Mara ya kwanza niliisema kwa sauti ya mtu anayeomba nauli. Tulipofika gurudumu la pili alikuwa ananijibu "nimeshika" kabla sijamaliza kusema.

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kubwa. Kwa usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Lakini pikapu nyingi za zamani za Toyota zina valvu juu ya ekseli ya nyuma inayopima mzigo, na mara nyingi ina kaskrubu kake ka kutolea hewa. Watu hukasahau, halafu wanalaumu mafuta. Na usiinue chesisi ekseli ikining'inia, maana valvu itadhani gari haina mzigo na kubana mafuta ya nyuma. Sisi tuliacha magurudumu chini nikaingia uvunguni, na matope ya Kisii mnayajua.

Usiache katangi ka chini ya boneti kakauke, la sivyo unaanza upya. Nunua chupa iliyofungwa, sio ile nusu iliyozibwa kwa karatasi ya nailoni tangu mwaka jana. Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji haraka kabla haijababuka. Na yale yaliyotoka, tafadhali, yasikae kwenye chupa ya soda mahali mtoto anafika. Ya kwetu yalitoka rangi ya chai ya rangi. Baba aliinua chupa kwenye mwanga akaitazama muda mrefu.

Kisha jaribu kabla ya kutoka kwa geti. Pedali iwe ngumu injini ikiwa imezimwa. Ukiwasha, itashuka kidogo, hiyo ni kawaida. Ila ukikanyaga ukashikilia na inazidi kuzama polepole, au ndani ya tairi kuna unyevu wa mafuta, wacha hapo. Kutoa hewa hakuzibi pampu inayovuja. Tafuta makanika.

Ya kwetu ilishika mara moja. Baba alikanyaga tena, nadhani kwa mazoea, pedali ikakataa kusonga. Hakusema kitu. Ila jioni nilimsikia getini akimweleza jirani mambo ya nyuzi 205 kana kwamba aliyavumbua yeye.

Jumamosi tunafanya Probox ya huyo jirani. Yeye hupampu mara tatu.