Pesa Anayoihesabu Mwenyewe

Hapa Montréal, asiyeona akirudishiwa chenji haulizi mtu. Tangu 2001 noti za Kanada zina nukta zilizoinuka: fungu moja kwenye dola 5, mawili kwenye 10, matatu kwenye 20. Anapapasa, anajua. Akienda kutoa pesa, anachomeka visikilizi kwenye mashine, nayo inamsomea salio sikioni. Mashine kama hiyo iliwekwa Ottawa tangu 1997.

Kwetu Mangobo, mjini Kisangani, Kongo, baba mdogo wangu, aliyepofushwa na usubi, hukunja noti zake. Faranga mia tano anaikunja mara moja, elfu moja mara mbili, elfu tano anaikunja kwa urefu. Ni akili nzuri, ila lazima kwanza mtu amwambie amepewa noti gani. Akidanganywa hapo, anaukunja uongo na kuuweka mfukoni.

Dola ya Marekani ndiyo mtego mkubwa zaidi. Ya 1 na ya 100 zina ukubwa uleule. Mwaka 2006, katika kesi iliyofunguliwa na American Council of the Blind, jaji wa Washington aliamua kwamba noti hizo zinawabagua wasioona. Mahakama ya rufani ikaunga mkono 2008. Baadaye serikali ya Marekani ikaanza kuwagawia wasioona wa kwao kifaa cha kusoma noti, bure. Dola zilezile zinafika Kisangani. Kifaa hakifiki.

Pesa ya simu nayo haijawa kinga. Simu ndogo ya vitufe haisemi, basi mzee asiyeona anamkabidhi mwenye kabini ya kutolea pesa simu yake na kumtajia namba ya siri, watu wakisikia. Siku moja baba mdogo aliomba kutoa faranga elfu 20. Zikatolewa elfu 50. Alijua pale tu mjukuu wake alipomsomea ujumbe.

Wenye kabini waaminifu ni wengi Mangobo, nawaheshimu. Lakini ulinzi unaotegemea leo utamkuta nani ni bahati tu. Wala tusiseme haya ni mambo ya nchi tajiri: noti za Kenya za 2019 zina alama za kupapasa. Kongo yenyewe iliridhia mwaka 2015 mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaka mwenye ulemavu asimamie fedha zake mwenyewe, na ina sheria ya Mei 2022 ya kuwalinda.

Kampuni za simu ziweke namba ambayo mteja akipiga, sauti inamsomea kiasi, kwa Kiswahili na Kilingala, kabla hajathibitisha. Mwenye kabini akatazwe kabisa kubonyeza namba ya siri ya mteja.

Nasi tulio huku, tukituma pesa tumpigie mzee mwenyewe, tumtajie kiasi kabla hajatoka nyumbani. Tukirudi likizo, kati ya viatu na manukato tubebe simu inayosoma kioo kwa sauti, tukae naye mpaka vidole vyake viizoee.