Alipimwa malaria, kumbe kaibiwa akaunti ya gemu

Jumapili usiku mtoto aliacha nusu ya chapati na maharage hakuyagusa. Kwa kijana wa miaka 12 anayekula kama fundi aliyetoka saiti, hilo peke yake lilitosha kumshtua mama yake. Alimwekea mkono shingoni, hakuwa na joto. "Baba, unaumwa wapi?" Akajibiwa tumbo, halafu kichwa, halafu hapana, ni usingizi tu.

Asubuhi hakutaka kwenda shule. Wanaishi Tabata, Dar es Salaam, na zahanati haiko mbali, hivyo mama aliomba ruhusa kazini akampeleka. Akatobolewa kidole, kipimo kikaonyesha hana malaria. Tabibu aliuliza kama kuna mtu anayemsumbua shuleni. Mtoto akatazama sakafu. Wakarudi nyumbani na paketi ya paracetamol.

Aliyefichua siri ni binamu yake wa kidato cha tatu, aliyefika Jumatano kuazima chaja. "Mama mdogo, kwani hujui? Wamemwibia akaunti yake ya Roblox."

Mama akacheka. Hilo ndilo kosa analolijutia mpaka leo, kwa sababu mtoto alikuwa amesimama mlangoni na alimsikia. Aligeuka, akajifungia chumbani.

Ilichukua jioni nzima na soda moja mpaka akasimulia. Akaunti ilikuwa na miaka miwili. Ndani yake kulikuwa na Robux, yaani fedha ya gemu hiyo, ambazo mjomba wake alimnunulia kama zawadi ya kufaulu. Kulikuwa na nguo na kofia za mhusika wake alizozikusanya kidogo kidogo. Lakini hivyo havikuwa vinamlaza macho. Rafiki yake wa darasa la tatu alihamia Mwanza na wazazi wake, na kila Jumamosi mchana walikuwa wanakutana humo ndani ya gemu, wanajenga nyumba na kupiga soga. Namba ya simu ya rafiki huyo hakuwa nayo. Hakuwahi kuihitaji.

Siku ya tukio alipata ujumbe kutoka kwa mtu anayemfahamu gemuni: bonyeza hapa upate Robux za bure. Ukurasa uliofunguka ulifanana kabisa na ule wa kweli. Akaandika jina lake na neno lake la siri. Kabla ya saa moja kupita, neno la siri lilikuwa limebadilishwa na yeye yuko nje. Kisha aliyeiba akaanza kutuma ujumbe uleule kwa marafiki zake wote, kwa jina lake. Yule wa Mwanza akiwamo.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu miezi kadhaa nyuma mama alitangaza kwamba siku atakayosikia ujinga wowote kwenye hiyo simu, ataivunja. Mtoto alimwogopa mama kuliko tapeli, na tapeli akapata siku tatu za kufanya atakalo bila bughudha.

Watu wazima wasimcheke. Nchi hii ina wasomi waliowahi kujibu "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa kuituma kweli.

Walijaribu kuirudisha. Kampuni zenye magemu haya hutaka uthibitisho kwamba akaunti ni yako, na njia rahisi ni barua pepe au namba ya simu uliyoiunganisha. Yeye alipojisajili aliruka hatua ya barua pepe, maana inawezekana kuiruka. Risiti ya zile Robux za mjomba nayo haikuonekana. Akaunti ikapotea.

Ijumaa usiku walifungua nyingine, safari hii wakiwa wawili kwenye kochi. Walianza na barua pepe ya mama, kwa kuwa anayeweza kuifungua barua pepe yako anaweza pia kuomba neno jipya la siri la gemu. Nayo ikawekewa uthibitisho wa hatua mbili. Ndipo wakaingia kwenye mipangilio ya gemu, sehemu ya usalama, wakafanya vilevile: ukishaandika neno la siri kwenye kifaa kigeni, unadaiwa pia namba ya tarakimu 6. Namba hiyo inaweza kutumwa kwa barua pepe, au ikatolewa na programu maalumu ya simu inayoibadilisha kila sekunde 30, hata bando likiwa limekwisha. Walichagua programu, kwenye simu ya mama. Kijana akanuna, mpaka alipoona kuwa kifaa anachokitumia siku zote kinaweza kuaminiwa kwa siku 30 bila kuulizwa tena.

Namba za akiba, zile za kutumia simu ikipotea, ziliandikwa kwenye karatasi na kuwekwa kwenye bahasha ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Epic Games, wenye Fortnite, mwaka 2018 waliamua kumpa kila mchezaji atakayewasha hatua hiyo mtindo mpya wa kudansi, Boogiedown. Benki zingeweza kujifunza hapo.

Kufuli hilo la pili nalo lina udhaifu wake. Ukurasa wa kitapeli unaweza kuomba zile tarakimu 6 pia, na mtoto akaziandika. Kwa hiyo mama alimweleza kwa mfano anaoujua: unaniona nikimtajia mtu namba ya siri ya M-Pesa? Hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni haambiwi. Halafu akaongeza jambo lililokuwa gumu zaidi kwake kulitamka, kwamba simu haitavunjwa, na kwamba akikosea tena aje amwamshe hata saa nane za usiku.

Ilibaki Mwanza. Mama alichimba kundi la zamani la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu, akaipata namba, akapiga Jumamosi mchana. Kijana alimsalimia mama wa rafiki yake shikamoo, akamwomba rafiki, akasema kwa haraka kama anayetapika dawa chungu: "Ule ujumbe haukuwa mimi."

"Na mimi nilibonyeza," akajibiwa. "Walichukua ya kwangu pia. Nilidhani umenifanyia makusudi."

Wakanyamaza kidogo. Halafu mmoja akacheka, mwingine akafuata. Nyuma ikasikika sauti ya mama wa Mwanza akiuliza hiyo ya kwako mmeiwekea nini, hebu nielekeze, nimeshika simu hapa.

"Sawa mama," kijana akasema, akivuta kiti. "Tuanze na barua pepe yako."