Gari la Mzee linapanda meli

Wadau wa nyumbani, niko Troyeville, hapa Jozi.

Wengi mnauliza mbona gari la Mzee silileti mwenyewe kwa barabara. Njia ipo: Beitbridge, Chirundu, kisha Nakonde na Tunduma. Ila kila mpaka una makaratasi na ada zake, na likizo yangu haitoshi. Nimewapa watu wa usafirishaji: lori mpaka Durban, halafu meli hadi Dar.

Kwanza polisi wa hapa wakague namba za chasisi na injini. Bila cheti chao halitoki. Huko TRA, likifikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Lina 7 na ushee, ndiyo maana sisubiri Desemba.

Shangazi, mwambie Mzee avumilie daladala za kliniki kidogo tu. Tuombeane!