Kinachobaki Mezani

Lugha ikifukuzwa shuleni hukimbilia jikoni. Ndivyo ilivyokuwa Hawaii. Ufalme ulipinduliwa mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye sheria ikaamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na watoto waliosema Kihawaii shuleni wakaadhibiwa. Hata hivyo, hakuna sheria iliyobadili jina la poi: magimbi yaliyopikwa, yakapondwa kwa mchi wa jiwe juu ya ubao, yakalainishwa kwa maji, kisha yakaachwa siku kadhaa yachachuke kwa kadiri ya ulimi wa mlaji.

Mlo wa Kihawaii una pande mbili: ʻai, chakula chenyewe, yaani poi, na iʻa, samaki, nyama au chochote kinacholiwa nacho. Mswahili hahitaji maelezo zaidi, kwani neno kitoweo analo. Jina la jamaa, ʻohana, hunasibishwa na ʻohā, machipukizi ya gimbi. Masimulizi ya kale nayo husema kwamba gimbi la kwanza liliota pale alipozikwa Hāloa, mtoto aliyezaliwa mfu, na kwamba mdogo wake, aliyerithi jina hilo, ndiye mzazi wa watu wote. Ndiyo maana bakuli la poi likiwa wazi, ugomvi ni mwiko: kaka mkubwa yupo.

Lakini jiko nalo lina mipaka yake. Jina la chakula laweza kudumu vizazi vitatu ndani ya sentensi za lugha nyingine. Mtu aweza kuomba poi kwa Kiingereza hadi kufa kwake. Katiba ilikitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi mwaka 1978, lakini utambuzi haukuwapa watoto ulimi. Mwaka 1983 wazazi na walimu waliunda Pūnana Leo, yaani kiota cha sauti, wakafungua shule za awali ambamo mtoto hucheza, hula, hukataa na kushukuru kwa Kihawaii. Marufuku ya shuleni iliondolewa 1986.

Waswahili wa London na Muscat wana la kujiuliza hapo. Mtoto anayetambua mkate wa kumimina na mchuzi wa papa, lakini hawezi kuomba aongezewe, amerithi mapishi tu. Nomino husafiri zenyewe ndani ya vikapu; vitenzi havifiki ng'ambo isipokuwa mtu mzima avitamke, kila siku, chakula kikiwa bado cha moto.