Picha Imfikishe Asiyeweza Kutembea

Watu wengi wapendao kupiga picha za maumbile hudhani kwamba sharti la kwanza ni kamera ya thamani. Mimi naona sharti la kwanza ni kujua picha hiyo anapigiwa nani. Ajuaye hilo atajua pia asimame wapi, asubiri nini, na aache nini nje ya picha.

Mama yangu mzazi anaishi Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa miguu haimruhusu kusafiri. Kwao ni Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi. Vijana wa ukoo humletea picha katika simu zao: ua hapa, jani pale, machweo mekundu ya jua. Ni picha za kupendeza. Hata hivyo, kila aonyeshwapo huuliza jambo moja tu: "Hapa ni wapi, wanangu?" Wala hakuna awezaye kumjibu kwa kuitazama picha, maana ua lililojaza picha nzima laweza kuwa la Lindi au la Tabora.

Oktoba iliyopita nilikwenda huko kwa likizo, nikiwa na swali hilo moyoni. Kila alfajiri nilifuatana na mjomba, kaka yake mama, kutoka kwenye mikorosho hadi ndani ya miombo. Ni majira mema kwa mpiga picha, kwani miti ya miombo huchipua majani mekundu kabla mvua hazijaanza. Lakini katika mwezi huo jua la adhuhuri huwa karibu sawa na utosi. Vivuli hufupika na kila kitu huonekana bapa. Kwa hiyo tulifanya kazi kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, mwanga ulipokuwa ukija kwa ubavu na kuonyesha mikunjo ya magome.

Mjomba hajapata kushika kamera, lakini alinipa fundisho. "Simama kwanza, mjomba, upumue," aliniambia, akiniita vivyo hivyo kwa desturi yetu. Ni kweli: mtu anayehema hutikisa mikono, na picha hutoka na ukungu. Nilipumzika, nikaegemeza kamera juu ya fimbo yake, nikatoa pumzi taratibu, ndipo nikabonyeza. Tena, nyasi ndefu zilizo karibu huihadaa kamera ikalenga nyasi badala ya mti. Hapana budi kuchagua mwenyewe mahali pa kulenga. Kwenye simu, gusa kioo palepale unapotaka pawe wazi. Mwenye kamera ya lenzi na apunguze tundu la kupitishia mwanga, ili njia iliyo karibu na mti ulio mbali vionekane wazi pamoja.

Tulifika kwenye mninga ambao babu alipenda kupumzika chini yake. Sikuuweka katikati ya picha. Niliuweka kwenye theluthi ya kushoto, nikaiacha njia ianzie pembe ya chini kulia na kwenda kwake. Kisha nikamwomba mjomba asimame kando ya shina. Bila mtu, nani angejua ukubwa wake? Wachimbaji wa Tendaguru, katika mkoa huohuo wa Lindi, walilijua jambo hili. Kati ya mwaka 1909 na 1913 yalichimbwa huko mabaki ya mijusi wa kale, na katika picha mojawapo msimamizi Boheti bin Amrani yuko kando ya mfupa mkubwa. Mtazamaji hahitaji rula.

Niliporudi nilimkabidhi mama picha hiyo, imesafishwa kwa ukubwa wa daftari. Hakuuliza ni wapi. Aliweka kidole juu ya njia, akakipeleka polepole hadi kwenye mti, akapita nje ya ukingo wa karatasi na kuendelea juu ya meza. "Ukishuka hapa kidogo," alisema, "unafika kisimani." Kisima hakikuwamo katika picha; yeye alikwisha kukifikia.

Ndugu msomaji, ukienda kwenu likizo, tembea na mzee anayeijua njia, piga picha chache kwa utulivu, na nyuma ya kila moja andika jina la mahali, la mti, la mtu, na tarehe. Mninga ni mti wa mbao zinazotafutwa sana. Wajukuu wetu huenda wasiukute. Na mzee anayejua majina hayo hatakuwapo siku zote ili aulizwe.