Mji Unaozama

Msafiri afikaye Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, kwanza hustaajabia pikipiki. Ni nyingi kama siafu, nazo hujaza kila njia. Kisha hutazama juu, huona majumba ya ghorofa nyingi. Husema moyoni: Kweli, mji huu una nguvu!

Lakini akienda kaskazini, mpaka Muara Baru, huona jambo jingine. Hapo pana ukuta mrefu wa saruji. Akisimama njiani, haoni bahari. Akipanda ukutani wakati maji yamejaa, huiona bahari iko juu kuliko njia. Nyumba za watu ziko chini, na ukuta ndio unaozilinda. Hapo huingiwa na hofu.

Sababu yake ni nini? Mito ya mji ni michafu, na maji ya bomba hayakuwafikia watu wote. Basi wenyeji, viwanda na hoteli walichimba visima virefu, wakavuta maji yaliyo chini. Udongo ukikosa maji hujibana, nayo ardhi hushuka. Tangu miaka ya 1970, sehemu nyingine za kaskazini zimeshuka zaidi ya mita 2.

Mwaka 2022 ilitungwa sheria ya kuhamishia mji mkuu Nusantara, katika kisiwa cha Borneo. Serikali yaweza kuhama. Je, maskini wa Muara Baru watahamia wapi?

Hakuna aliyetaka kuuzamisha mji. Kila mmoja alitaka maji yake tu. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukimaliza pia.