WIMBO WA SITA NILIUIBA KWA BABA

Msomaji wangu, wiki hii sina umbeya wa mtu. Nina wangu mwenyewe, na nimeukalia tangu mwaka 1998.

Mwaka ule nilikuwa napiga gitaa la besi kwenye bendi moja ndogo ya dansi hapa Dar. Jina lake silitaji, ilishakufa na marehemu hasemwi. Tulikuwa vijana tisa, vyombo vya kukodi, tukipiga katika baa moja ya Magomeni kwa malipo ya viingilio vya mlangoni. Wikiendi watu wakijaa, tunakula. Mvua ikinyesha, tunarudi nyumbani kwa miguu na tumba kichwani.

Basi bwana, akajitokeza tajiri mmoja, akasema atatulipia studio tutoe albamu. Albamu enzi hizo ni kaseti: nyimbo 6, tatu upande A, tatu upande B. Sharti lake lilikuwa moja tu, nyimbo zote 6 ziwe mpya na ziwe zimeiva ndani ya wiki 3. Zikipungua, hela inakwenda kwa bendi nyingine.

Tulikuwa nazo 5.

Wewe mtoto wa leo unayerekodi chumbani kwa kompyuta, huku mama anakaanga samaki jirani, hutaelewa presha yake. Kaka zetu waliotutangulia walirekodi Radio Tanzania. Bendi nzima inaingia, inapiga kwa mkupuo mmoja, mmoja akiteleza wote mnaanza upya. Na maneno yalikaguliwa kwanza. Sisi tulikuta studio za watu binafsi zimeanza kuota, lakini zilidai hela kwa saa. Kwa hiyo hakuna kutunga studio. Unaingia wimbo ukiwa umeshaiva, unaupiga, unatoka.

Kuuivisha wimbo ni kazi ya mazoezini. Mtunzi anakuja na sauti na maneno. Mwimbaji anaipokea, anaikata hapa, anaivuta pale. Mpiga solo anatafuta pa kuchomekea gitaa lake, mimi wa besi natafuta pa kukanyaga, tumba anasubiri ashike moto. Wimbo wa dansi una vyumba viwili. Cha mbele ni cha kusikiliza: ndoa, umaskini, walimwengu. Cha nyuma ni cha kuchezea, ndipo magitaa yanapochachamaa na shati linapovuliwa. Chumba kimoja kikiwa kibovu, watu wanarudi mezani kwenye bia zao.

Wimbo wa sita ulitutoa roho. Kila mmoja aliyeleta wake, ulifanana na wa Sikinde au wa Msondo. Kiongozi wetu, mtu mzima kidogo, akaweka gitaa chini akasema, "Jamani, huu wimbo mimi nimeshaucheza na mke wangu wa kwanza!" Tukacheka, halafu tukagombana. Mpiga solo akasusa siku mbili. Tajiri akawa anapita na gari, anashusha kioo, anauliza, "Vipi, sita?"

Katikati ya hiyo kasheshe nikaletewa habari: baba anaumwa, nenda Lituhi.

Kwa wasiofika, Lituhi ni kwetu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, karibu na pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake. Wakati ule tulihesabiwa wilaya ya Mbinga. Siku hizi ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa mwaka 2012. Nilipanda basi mpaka Songea, kisha lori kupitia Kitai, nimekaa juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Njia nzima nilikuwa nawaza mambo mawili, baba na wimbo wa sita. Naona aibu kusema kipi kilitangulia.

Nikamkuta mzee amekaa kivulini anashona nyavu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunizika? Umewahi mno."

Malaria ilikuwa imeshamwachia. Tukala ugali wa muhogo na samaki mbasa, na usiku nikasikia ngoma. Ngoma yenyewe ni mganda.

Sikiliza, maana vijana wengi wa mjini wanaiona mganda kuwa ya wazee wa kijijini. Mganda ni bendi! Babu yake ni beni, ngoma ya gwaride iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga mabendi ya kizungu. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza. Na vita hiyo sisi tuliiona mapema. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli, jirani zetu, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen. Vita ilipokwisha, askari na wapagazi walirudi makwao kando ya ziwa na gwaride miguuni. Wakachukua ngoma kubwa, filimbi na vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, wakavaa nyeupe, wakapanga mistari. Hiyo ndiyo mganda. Wanawake wana yao, kioda.

Baba alikuwa mtunzi wa kikundi cha kijijini. Mimi nimekua nikimwona, sikuwahi kumhesabu kuwa mwanamuziki. Mwanamuziki kwangu alikuwa mtu mwenye waya wa umeme.

Usiku ule nikamweleza shida yetu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nyie mnaanza na maneno," akasema. "Sisi tunaanza na miguu. Mguu ukikubali, maneno yatakuja yenyewe."

Akanieleza wanavyofanya. Yeye huja na sauti tupu. Kikundi kinaitembelea, mbele hatua, nyuma hatua, mpaka mwili uizoee. Anayekosea hachekwi, maana huenda kosa lake ndilo zuri. Wanafanya mazoezi mbali na kijiji ili majirani wasiwaibie kabla ya siku ya kushindana. Nikamsikiliza nikaona ni mazoezi yetu yale yale ya Magomeni, tofauti ni kwamba wao hawasusi.

Kisha akaniimbia mmoja. Aliutunga kwa ajili ya mdogo wake, baba yangu mdogo, aliyekwenda kuvua msimu wa upepo mkali na hakurudi. Ulirudi mtumbwi peke yake. Wimbo unaliuliza ziwa limemlaza wapi, ili nduguze wajue waelekee upande gani wanapomlilia. Sauti yake inapanda mara tatu, ya nne inashuka ghafla kama mtu aliyekanyaga hewa.

Nilijua pale pale. Wimbo wa sita nimeupata.

Sikuomba. Sikusema hata neno. Nilipanda lori nikaondoka nao kifuani, na kabla basi halijafika Njombe nilikuwa nimeshabadilisha kila kitu. Baba mdogo aliyezama akawa binti wa Sinza aliyenikimbia. Ziwa likawa Kariakoo. Swali la "umelala wapi" nililiacha kama lilivyo, ila sasa lilikuwa na wivu ndani yake.

Mazoezini nilianza na miguu, kama nilivyofundishwa. Nikawapanga mstari, hatua mbele, hatua nyuma, wakadhani nimerudi na kichaa. Lakini mpiga solo alipoisikia ile sauti inayoshuka, akaacha kususa. Siku 4 tu wimbo ukaiva. Studio tuliupiga mara mbili, ukakubali. Kwenye jalada la kaseti, wimbo wa kwanza upande B, kukaandikwa: Mtunzi, halafu jina langu.

Ukawa ndio uliobeba albamu. Redioni ukapigwa, baani watu wakaudai hata mara tatu kwa usiku mmoja. Hela je? Tuliambulia mkupuo mdogo wa mwanzo, basi. Kaseti zikadurufiwa na watu tusiowajua, zikauzwa kwenye meza za mitaani huku tukipita na viatu vilivyotoboka. Nilipiga kelele, wacha! Wezi! Wanakula jasho la mtu! Sheria ya Hakimiliki ilipopitishwa mwaka 1999 nilishangilia kuliko wote.

Mwaka huo huo nikapata barua kutoka Lituhi. Baba hakuwa mtu wa kuandika marefu. Baada ya salamu kulikuwa na mistari miwili. Kwamba amemsikia mdogo wake redioni. Na kwamba anauliza, mbona tumemgeuza mwanamke?

Niliikunja nikaitia chini ya godoro. Sikujibu.

Ikafika Oktoba 14, 1999, Mwalimu Nyerere akafariki. Wenye umri wanakumbuka, redio zilikuwa maombolezo mchana na usiku, na sauti iliyotawala ni ya Kapteni John Komba na kundi lake la Tanzania One Theatre. Mtu wa kwetu Lituhi huyo. Nchi nzima ilikuwa inalia kwa tungo zao. Na hakuona haja ya kuugeuza msiba kuwa mapenzi ili watu wamsikilize.

Nilikaa kitandani kwangu Magomeni nikisikiliza, na chini ya godoro kuna ile barua. Msomaji, kulala hapo ni kazi.

Desemba nikaenda. Nilichukua akiba yangu yote, nikamwekea mzee mbele yake. Akaisukuma pembeni kwa kidole.

"Hiyo kamlipe mwenye baa. Hapa una deni la kikundi."

Kumbe mtunzi alikuwa yeye, lakini wimbo ulikuwa wa kikundi na wa marehemu. Wazee wakanikalisha kitako. Faini yangu ilikuwa pombe ya watu wote, ambayo ni rahisi, na jambo la pili, ambalo lilinitoa jasho: nisimame mstarini niuimbe kwa maneno yake ya asili, mbele ya shangazi zangu, bila gitaa la kujifichia. Nilipofika pale sauti inaposhuka, nilishindwa. Mstari mzima ukanipokea. Baba alikuwa kwenye ngoma kubwa, hakunitazama, ila hakusimamisha.

Bendi yetu ilikufa bila albamu ya pili. Baba naye alishatangulia. Machi 2015 nilirudi kumzika Kapteni Komba, maana naye alirudishwa kulazwa Lituhi. Nikapitia kaburi la mzee kwanza.

Siyo kwamba kuchota ngoma za kwao ni kosa. Hata jina la Sikinde limetoka kwenye ngoma ya Wazaramo, na nani atawalaumu? Kosa ni kuchota na kufuta nyayo. Wewe unayenyofoa kipande cha wimbo wa bibi yako ukakitia kwenye midundo, hongera, ila jina lake liandike. Muulize kwanza aliutungia nani.

Kaseti ninayo moja, imeshaliwa na fangasi, hailii. Pale penye "Mtunzi" nimelikata jina langu kwa kalamu, nikaandika la baba, na chini yake la mdogo wake.